Darcy wa ukurasa wa 112

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kuhusu riwaya za mapenzi za kuchekesha zinazochotwa kwenye vitabu vya zamani vya Kiingereza, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimekuja za kila namna, nyingine za hasira. Nimechagua tano. Wawili mlioandika kuniuliza umri wangu, someni safu nyingine.

*

*Shikamoo Shangazi. Nimesoma riwaya tatu mfululizo. Zote, mwanamke na mwanamume wanachukiana mwanzoni na wanaoana mwishoni, na zote zimeandikwa mgongoni kwamba zimetokana na Pride and Prejudice. Huu si wizi wa mchana? – Jicho Kali*

Marahaba. Wizi haupo. Jane Austen, mwandishi wa kitabu hicho, alifariki mwaka 1817, na kwa sheria ya Uingereza hakimiliki ya mwandishi huisha miaka 70 baada ya kifo chake. Kitabu ni cha kila mtu, kama kisima cha njiani. Na ukitaka kumshitaki anayechota, anza na Shakespeare mwenyewe: kisa cha Romeo na Juliet alikikuta tayari kwenye utenzi mrefu wa Arthur Brooke uliochapishwa 1562. Tena hao maadui wanaogeuka wapenzi unaowalalamikia si mali ya Austen peke yake. Beatrice na Benedick wa Shakespeare walikuwa wakirushiana maneno jukwaani miaka zaidi ya mia mbili kabla ya Pride and Prejudice kutoka kiwandani.

Helen Fielding, aliyeandika Bridget Jones's Diary mwaka 1996, hakuficha kwamba msuko wa kisa alimwibia Austen. Hilo neno la kuiba ni lake. Mwanamume wake akamwita Mark Darcy, kwa jina la Darcy, yule tajiri wa Austen mwenye dharau, asije mtu akadhani anaficha. Wahenga walisema ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno. Mimi sigombani na chungu. Nagombana na anayeliokota ganda lisilobaki hata tone la utamu, akatuuzia kama mua mzima. Na hapo ndipo inapoingia barua inayofuata.

*

*Shangazi, naandika riwaya yangu ya kwanza. Binti anafanya kazi kwenye kampuni, bosi wake ni tajiri, mkimya, ana dharau. Anamposa, binti anakataa, baadaye anakubali. Nimeifuata Pride and Prejudice hatua kwa hatua. Nimewapa marafiki wawili waisome: mmoja anasema ni nyepesi, mwingine ameishia katikati na hataki kusema kwa nini. Nimekosea wapi? – Mwandishi Chipukizi*

Mwanangu, kaa chini, jibu lako ni refu.

Kabla ya kupewa safu hii nilisahihisha prufu kwa miaka 22. Siku moja ilinijia riwaya ya mapenzi ya kisasa, ina ofisi ya ghorofani, simu za mkononi, kila kitu. Nikafika ukurasa wa 112, na pale, katikati ya sentensi inayohusu lifti, Darcy akachomoza kichwa. Mwandishi alikuwa amebadilisha majina yote kwa kompyuta, moja likamponyoka. Nikalizungushia penseli, nikacheka peke yangu hadi jirani wa meza akaja kuchungulia. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kurasa 111 nilizokwisha kuzisoma hazikuwa zimenikumbusha Austen hata mara moja. Zilikuwa na tajiri aliyenuna. Basi.

Wewe nawe, nahofia, umemchukua tajiri aliyenuna ukaacha hesabu. Na kitabu kile ni kitabu cha hesabu. Baba yake Elizabeth, binti wa kisa, ni Bwana Bennet, anayeingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini shamba na nyumba vimefungwa kwa urithi wa wanaume. Ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume. Siku akifa, vyote vinakwenda kwa binamu, Bwana Collins, kasisi mwenye maneno mengi kuliko akili. Fungu la Elizabeth ni pauni 1,000 zenye riba ya asilimia 4, nazo atazipata mama yake akishafariki. Pauni 40 kwa mwaka! Collins anamkumbusha hesabu hiyo katikati ya kumposa, ndiyo maana onyesho lile linachekesha na kutisha kwa pamoja. Darcy yeye anaingiza pauni 10,000 kwa mwaka.

Ongeza hili: katika Uingereza ya 1813, kitabu kilipotoka, mtu wa kawaida hakuwa na njia ya talaka ya kweli. Ilihitaji sheria ya Bunge, ya mtu mmoja mmoja, na fedha nyingi. Mahakama ya talaka ilikuja kwa sheria ya 1857. Ukikosea mume, umekosea hadi kaburini. Elizabeth anamtazama mama yake na baba yake kila siku kwenye meza ya chakula, na anajua kabisa kukosea kunafananaje.

Sasa msikilize akisema hapana. Anaisema mara mbili. Ya kwanza kwa Collins, na kwa hapana hiyo anaitupa paa ya mama yake na dada zake wanne. Ya pili kwa Darcy, na anatupa zaidi. Rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, anaokota yule yule Collins aliyetupwa, kwa sababu amepiga hesabu zilezile akapata jibu jingine. Wala Austen hamcheki Charlotte, au anamcheka kidogo sana.

Binti wako anapomkataa bosi, anapoteza nini? Jumatatu anatuma maombi ya kazi kwingine. Marafiki zako wamelala kwa sababu hiyo. Kabla ya kumtafuta Darcy, tafuta kufuli, yaani kinachomfungia binti njia.

Waandishi waliofaulu wamefanya hivyo. Soniah Kamal, katika Unmarriageable ya 2019, alimpeleka Elizabeth Pakistani akamfanya mwalimu wa Kiingereza, Alys Binat. Tunamkuta darasani akiwapa wanafunzi wake sentensi ya kwanza ya Pride and Prejudice waiandike upya, nao wanaandika mambo ambayo mkuu wa shule hatayapenda. Kule kufuli lipo bado: jina la familia, uvumi, mama anayeona harusi ya watu wengine kama soko. Kamal hakulazimika kulichonga. Uzma Jalaluddin naye, katika Ayesha at Last ya 2018, aliwaweka wake Toronto. Khalid ana ndevu na kanzu, amekwisha kuamua kwamba mke atachaguliwa na mama. Ayesha ni mshairi anayepata riziki kwa kufundisha, na amekwisha kumhukumu kwa ndevu na kanzu hizo. Zuio ni imani, tena wote wawili ni waumini, hakuna anayetaka kutoroka. Hapo dharau ya pande mbili ina mizizi, haikubandikwa kwa gundi. Kisha Jalaluddin anaongeza binti kudhaniwa kuwa binamu yake, hila ya kale ya Shakespeare, na babu anayemnukuu huyo huyo Shakespeare, ili usije ukasema hukuonywa.

Curtis Sittenfeld katika Eligible ya 2016 alipata kazi ngumu zaidi. Yuko Cincinnati, Marekani, Liz wake ni mwandishi wa majarida anayekaribia miaka 40, ana mshahara wake. Darcy ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Bingley, rafiki yake Darcy, ni daktari pia, lakini nchi nzima inamjua kwa kipindi cha televisheni cha kutafuta mchumba, wazo ambalo Austen angelitamani. Sittenfeld alijua kufuli la zamani limevunjika, akajaribu kulibadilisha na umri, moyo wa baba uliofanyiwa upasuaji na nyumba kubwa inayooza. Nilicheka sana. Ila Liz alipomkataa Darcy, mapigo ya moyo wangu hayakubadilika.

Kwa hiyo, kama binti wako ana mshahara, chumba chake na pasipoti, mwache Elizabeth. Mwazime Emma, wa kitabu kingine cha Austen chenye jina hilohilo. Emma Woodhouse ana pauni 30,000 na anasema waziwazi hana sababu ya kuolewa. Kufuli lake liko kichwani: ana hakika anaona mioyo ya watu wote, na haoni hata mmoja, wake ukiwamo. Ujinga wa namna hiyo haujafutwa na sheria yoyote. Ndiyo sababu Amy Heckerling aliweza kumchukua mwaka 1995 akampeleka shule ya matajiri Beverly Hills, kwenye filamu ya Clueless, na karibu hakuna kilichomwagika njiani. Au mwazime Anne Elliot wa Persuasion, cha Austen pia, miaka 27, aliyeshawishiwa kumwacha mchumba maskini, na sasa mchumba amerudi baada ya miaka minane, nahodha mwenye fedha na kinyongo. Aibu na muda uliopotea vinafunga mlango katika karne yoyote ile. Fielding alipoandika kitabu cha pili cha Bridget, mwaka 1999, alikwenda kuchota huko.

Kazi ya nyumbani: fungua onyesho la kukataa. Chukua karatasi nyingine, andika binti ameamka keshoye na amepoteza nini. Ukishindwa kujaza mistari mitatu, usiguse sentensi nyingine ya kitabu mpaka uijaze. Na kwa hisani yako, futa "macho yao yakagongana." Yamegongana mara ngapi? Nisingekuuliza kama sijawahi kuhesabu mara 31 katika mswada mmoja.

*

*Shangazi, nimeanza Pride and Prejudice mara mbili, na zote nimeishia kwenye dansi ya kwanza. Lugha nzito, watu wengi. Je, lazima nikimalize ndipo nifurahie hizi za kisasa? – Mvivu wa Vitabu Vinene*

Si lazima. Watu wamemlilia Bridget bila kujua kwamba Austen alikuwapo duniani. Lakini unakosa nusu ya utani, kama mtu anayesikia kicheko chumba cha pili.

Kina sura 61. Soma tatu, bila kufuata mpangilio. Ya 1 ni fupi, karibu yote ni mazungumzo ya mume na mke: mke anataka mume akamsalimie tajiri aliyehamia jirani, mume anajifanya haelewi. Ya 19, Collins anaposa. Anaorodhesha sababu zake za kuoa kama anayesoma bajeti, anakataliwa, na anaeleza kwa upole kwamba wanawake hukataa kwanza kwa desturi. Ya 34, Darcy anaposa, vibaya karibu kama Collins, ila huyu anapenda kweli. Usipocheka kwenye ya 19, rudisha kitabu kabatini bila aibu. Ukicheka, utaanza sura ya 1 tena usiku uleule, nakufahamu.

Kuhusu lugha nzito: tatizo lako pengine si maneno, ni sauti. Austen hasemi "Emma alikosea." Anaingia kichwani mwa Emma na kusimulia makosa yake kwa uhakika wa Emma mwenyewe, halafu anakuacha ujikwae. Msomaji anayesubiri kuambiwa nani mjinga atachoka mapema. Fielding alipokigeuza kisa kuwa shajara, alifanya kazi iwe rahisi: Bridget anajiandikia uzito, sigara na vileo alivyokunywa kila siku, na uongo wake unaonekana kwa hesabu. Tumepata kicheko cha haraka. Yule msimulizi anayekukonyeza kutoka pembeni, huyo tumempoteza, na katika hizi za kisasa mimi ndiye ninayemkosa kuliko mavazi na magari ya farasi.

Onyo moja. Kama unatafuta Darcy akitoka ziwani na shati limelowa, utazeeka ukifunua kurasa. Hilo ni la tamthilia ya BBC ya 1995, haliko kitabuni. Mwigizaji Colin Firth ndiye aliyelowa, na mwaka 2001 akaitwa kucheza Mark Darcy wa Bridget, kwa hiyo leo watu hawajui tena nani kamzaa nani.

*

*Shangazi, kuna riwaya na filamu zilizotokana na The Taming of the Shrew. Hivi mwanamke kufugwa kama mnyama kunachekesha nini? Naomba usinijibu kwamba ni mambo ya zamani. – Hasira za Haki*

Sijibu hivyo. Mle ndani ya tamthilia hiyo ya Shakespeare, mume, Petruchio, anamnyima mkewe Kate chakula na usingizi, na mwishoni Kate anasimama kutoa hotuba ya mistari zaidi ya 40 akiwaambia wake wenzake wawatii waume. Nimeiona ikichezwa kwa kicheko na nimeiona ikichezwa kwa kilio, zote mbili sikutoka nimeridhika.

Ndiyo maana nashangaa ushujaa wa wanaoigusa. Filamu ya 10 Things I Hate About You ya 1999 ilitupilia mbali njaa na usingizi, ikabakiza amri ya baba tu: mdogo hatoki na mvulana mpaka dada yake atoke. Kufuli dogo, la shuleni, linatosha kwa watoto wa shule. Anne Tyler katika Vinegar Girl ya 2016 alifanya kitu cha akili zaidi, kwa macho yangu. Yuko Baltimore. Kate anafanya kazi kwenye shule ya watoto wadogo na anawaambia wazazi ukweli usiotakiwa. Baba yake ni mtafiti ambaye msaidizi wake wa maabara, Pyotr, anakaribia kumalizikiwa na viza. Basi baba anapata wazo: Kate aolewe na Pyotr, utafiti uendelee. Unaona? Aliyemdhulumu Kate wa Tyler ni baba, kwa upole, kwa adabu, akiwa na sababu nzuri za kisayansi. Tusi la zamani lipo, limehamia kwa mtu mwingine, na linauma mahali papya.

Hotuba ya mwisho ipo pia. Kate wa Tyler anasema kwamba kuwa mwanamume ni kugumu, wanaume hufundishwa kuficha yanayowaumiza. Hapo wasomaji wengine walikasirika. Mimi nilikiweka kitabu chini, nikachemsha chai, nikakirudia. Sijaamua.

*

*Shangazi, mume wangu ananicheka ninaposoma riwaya hizi. Anasema ni vitabu vya wasichana, hakuna mwanamume mwenye akili anayevisoma. Nimjibu nini? – Mke wa Mcheshi*

Mwambie kwamba Emma kilipotoka, Disemba 1815, kilitunukiwa Mwanamfalme Mtawala wa Uingereza, kwa sababu mwanamfalme mwenyewe alikuwa shabiki na ilidokezwa kwamba mwandishi anaruhusiwa kumtunukia. Austen hakumpenda mtu yule hata kidogo, lakini huwezi kumkatalia mwanamfalme. Mwambie pia Disemba 1943, katikati ya vita kuu, Winston Churchill alikuwa kitandani Tunisia na homa ya mapafu, na binti yake Sarah akamsomea Pride and Prejudice. Mzee aliona wahusika wale wana maisha matulivu mno. Kwa hilo alikosea, hakusoma hesabu za pauni 40, lakini alisikiliza.

Akikujibu kwamba Churchill alikuwa mgonjwa, mwambie basi kuhusu bei. Austen aliuza haki zote za Pride and Prejudice kwa pauni 110. Alitaka 150. Jina lake halikuwekwa hata kwenye jalada. Wanaume waliokichapa walijua thamani yake vizuri kabisa.

Ila ukweli ni kwamba hoja hazimwingii mtu anayekucheka. Fanya hivi: siku akiwa hana la kufanya, na simu yake iko kwenye chaji, soma kwa sauti ile sura ya 19. Mpe Collins sauti ya mtu mnayemjua nyote wawili, yule anayeongea sana kwenye vikao vya harusi. Akicheka, usimwangalie wala usiseme chochote. Geuza ukurasa, endelea kusoma.